Maabara, kishikwambi kwa kila mtoto, au toroli la kompyuta mpakato: tuchague kipi, na tutapimaje?

Mwl_Hisabati (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Bodi ya shule imenipa kazi ya kuandika mpango wa TEHAMA wa miaka 3. Mezani yapo mapendekezo matatu: maabara ya kompyuta 40, kishikwambi kwa kila mwanafunzi, au toroli la kompyuta mpakato 20 linalozunguka madarasani, pamoja na projekta. Tuna mikondo 16, kila mmoja una watoto kama 40. Linaloniumiza kichwa ni hesabu za sehemu. Mtoto anajumlisha 1/2 na 1/3 anapata 2/5, na anafika madarasa ya juu akiwa bado anafanya hivyo hivyo.

Naomba ulinganisho kwa mliotumia. Pia kuna jambo ambalo kikaoni halikuguswa kabisa: tutajuaje kama vifaa vimesaidia?

Fundi_Seva
Mwalimu, kabla ya kuomba bei fungua ratiba. Vipindi 40 vya wiki ukivigawa kwa mikondo 16, kila mkondo unapata maabara vipindi 2 na nusu. Somo la TEHAMA lenyewe likichukua viwili, hisabati inagombea makombo. Kisha ondoa muda wa kutoka darasani, kukaa, kuingiza nenosiri (waliosahau hawakosekani) na kuzima mashine. Kipindi cha dakika 40 kinabaki na 25 hivi.

Nisiiponde maabara, maana kiufundi ndiyo nyepesi kutunza: mlango mmoja wa kufunga, umeme sehemu moja, mtandao wa waya usiozidiwa na watoto 40 wakibofya kwa pamoja.

Vishikwambi kwa kila mtoto ni 640. Kila kimoja kikichaji kwa wati 10, darasa moja linataka wati 400 na shule nzima wati 6,400. Vitachajiwa wapi, usiku au mchana, na nani ana funguo? Betri nazo huchoka. Mpango wa miaka 3 usio na fungu la betri, vioo na chaja ni mpango wa mwaka 1.

Na mkiletewa kompyuta za mtumba, ulizeni zinatumia mfumo gani. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux, mfumo mwingine usio na malipo, huzifaa, ila lazima awepo mtu shuleni anayeimudu.

Mkaguzi_Mstaafu
Hilo la kishikwambi kwa kila mtoto lina historia, na bodi yako iisikie. Peru iligawa kompyuta mpakato mamia ya maelfu chini ya mradi wa One Laptop per Child (kompyuta mpakato moja kwa kila mtoto). Watafiti wakalinganisha shule 319 za msingi, baadhi zikiwa na mradi na nyingine bila. Matokeo, yaliyotolewa 2012, yalionyesha kwamba vifaa vilifika na watoto walivitumia, lakini alama za hisabati na lugha hazikupanda. Kulikuwa na dalili kidogo za maendeleo katika uwezo wa kufikiri kwa ujumla, basi. Walimu wengi hawakuwa wameandaliwa kufundishia mashine zile, na shule chache mno zilikuwa na intaneti.

Weka kando yake utafiti wa Delhi, India, uliochapishwa 2019, kuhusu programu ya kujifunzia ya Mindspark. Watoto walikuwa wakienda kituoni baada ya masomo kwa dakika 90: 45 kwenye programu, 45 na mwalimu msaidizi katika kundi dogo. Ndani ya miezi minne na nusu, waliopewa nafasi kwa kura waliwaacha wenzao kwa mbali katika hisabati, na katika Kihindi pia. Programu ile ilimpa kila mtoto swali la kiwango chake halisi, hata kama kiko madarasa kadhaa nyuma ya darasa alilokaa. Peru walipeleka mashine bila kusema zitatibu nini. Delhi walijua mtoto amekwama wapi ndipo wakamletea mashine. Mwalimu, wewe tayari unajua wako wamekwama wapi. Andika hilo ukurasa wa kwanza wa mpango.

Bi_Chaki
Naunga mkono toroli, na projekta naiunga mkono zaidi. Mwalimu mmoja mwenye projekta na mstari wa namba unaosogezwa anaweza kuwaonyesha watoto 40 kwa mpigo kwamba 2/5 ni ndogo kuliko 1/2, yaani umejumlisha ukapata kidogo kuliko ulichoanza nacho. Darasa linanyamaza, kisha linaanza kubishana. Ubishi huo mimi nausubiri mwaka mzima. Mtoto aliyeinamia kishikwambi peke yake hana wa kubishana naye.

Kwenye semina utaonyeshwa ngazi ya SAMR ya Ruben Puentedura: teknolojia ibadili kifaa tu, iboreshe, irekebishe kazi, au izae kazi mpya kabisa. Inafaa kuanzishia mazungumzo ya walimu, ila bodi isiigeuze kipimo cha kumpa mwalimu alama. Kuna kipindi ambacho kuweka projekta mahali pa ubao kunatosha, na kuna kazi mpya kabisa ambazo ni mapambo matupu.

Mzazi_Wa_Watatu
Samahani walimu, mzazi naingilia. Vishikwambi vikija vinakuja na programu, na programu zinakusanya taarifa. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walichunguza bidhaa 164 za elimu ya mtandaoni zilizotumika nchi 49 wakati wa korona. Mwaka 2022 wakatangaza kwamba 146 kati yake zilikuwa na mienendo inayohatarisha haki za watoto au kuziingilia. Mpango wenu useme nani anasoma masharti ya programu kabla haijafunguliwa kwa wanangu, na majina yao yanahifadhiwa wapi. Msituletee fomu ya kusaini siku ya kufungua shule foleni ikiwa mlangoni.

Fundi_Seva
Mzazi, hofu yako ina msingi. Ndiyo maana napendelea seva ndogo ndani ya shule, yaani kompyuta moja inayohifadhi masomo na kuzihudumia nyingine. Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality, inafanya kazi bila intaneti: unapakia maudhui mara moja, watoto wanaingia kupitia mtandao wa ndani, mwalimu anaona nani amefanya zoezi gani na kakosea wapi, na kumbukumbu zinakaa shuleni. Haina gharama ya leseni. Ila msiunganishe mashine 20 kwenye ruta iliyotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani.

Nukta6
Nafundisha wasioona, na mara nyingi mipango hii hutukumbuka vifaa vikishanunuliwa. Skrini ya kugusa bila kisomaskrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini) ni kioo tu kwa mwanafunzi wangu. Kompyuta mpakato yenye vibonye inamfaa zaidi: kisomaskrini cha NVDA ni bure kwenye Windows, na sauti za eSpeak NG zina Kiswahili. Matamshi si matamu, lakini anasoma mwenyewe bila kumngoja mwenzake. Jaribuni programu mkiwa mmezima skrini. Zoezi lisipofanyika kwa masikio na vibonye, liandikwe hivyo kwenye tathmini kabla ya malipo.

Mwl_Hisabati
Nashukuru sana, wakuu. Nimeelemea toroli na projekta, seva ya ndani, na sharti la Nukta6 liingie kwenye zabuni. Mashine 20 kwa watoto 40 ni wawili wawili, na baada ya maneno ya Bi Chaki naona wawili wawili ndiyo sawa. Sasa Mzee Mkaguzi, tupime nini?

Mkaguzi_Mstaafu
Usipime idadi ya mashine wala saa za kuwaka. Kabla kifaa cha kwanza hakijaingia, wape mikondo ya darasa husika jaribio la maswali 10 ya sehemu, kwa karatasi na kalamu. Ukisahihisha, usiishie kwenye maksi. Panga makosa kwa aina: wangapi walijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wangapi wanaona 1/4 ni kubwa kuliko 1/3, wangapi waliacha wazi. Mwisho wa muhula rudia kwa maswali yanayofanana, bila mashine. Aina ya kosa ikipungua, umepata jibu la bodi.

Walimu nao waulizwe, na wanafunzi. Tume ya Ulaya ina chombo cha bure kiitwacho SELFIE, tangu 2018, kinachokusanya maoni ya uongozi, walimu na wanafunzi bila majina. Hata usipokitumia chenyewe, utaratibu wa kuuliza makundi yote matatu swali lile lile uige. Mkuu wa shule akisema vifaa vinatumika kila wiki na wanafunzi wakisema hawajaviona, hapo ndipo pa kuanzia kikao.

Bi_Chaki
Na mikondo itakayoanza na toroli ichaguliwe kwa kura, Mwalimu, mbele ya walimu wote. Ukimpa kwanza yule anayependa mashine, mwisho wa muhula utakuwa umepima bidii yake. Iliyobaki ipate zamu muhula unaofuata. Hiyo nayo itangazwe siku hiyo hiyo ya kura.