Gogo la mkaratusi limepasuka: nizibe au nianze upya?

Mpangaji wa Tandika:

Wakuu, habari za usiku. Nina miaka mitatu ya wing chun, mchezo wa kupigana wa Kichina, na mwaka huu nikasema basi kupiga hewa, natengeneza mtu wa mbao wangu mwenyewe wa kufanyia mazoezi, ile muk yan jong ya mikono mitatu na mguu mmoja.

Gogo la mkaratusi nilipata Kongowe: futi tano, unene inchi tisa, limenyooka kama rula. Muuzaji akaniapia limekauka. Tunalishusha kwenye guta naona kitako kinatoa maji, ila pesa ilishatoka. Nikamenya gome, nikachimba matundu kwa patasi ya kuazima, jioni saba nzima. Wiki ya tatu, saa nane usiku, nikasikia PWAA, kama kabati limeanguka. Kumulika na simu: ufa umeanzia juu, umeshuka hadi tundu la mkono wa kushoto. Sarafu ya shilingi 200 inazama yote.

Mama mwenye nyumba alikuwa tayari ananiuliza ni mganga gani kaniagiza gogo lenye mashimo. Sasa limelia lenyewe usiku, nimekosa la kumjibu.

Ufa nizibe kwa gundi na unga wa msumeno? Kama haifai, nitumie mti gani? Kuna jamaa ananiuzia kipande cha nguzo ya umeme, kikavu, cha kijani. Na ile mikono miwili ya juu, huko ndani haigongani vipi? Halafu mimi nimepanga, siwezi kuchimbia chini.

Fundi Randa:

Kijana wangu, hiyo nguzo mwachie mwenyewe. Ukijani ule ni dawa ya shaba, na nyingi zimechanganywa na arseniki. Wewe unataka kusugua mikono humo kila siku?

Ufa usizibe. Gogo zima lenye moyo ndani lazima lichanike, kwa sababu mti ukikauka hupungua kufuata duara karibu mara mbili ya unavyopungua kuelekea moyoni. Ukijaza sasa, masika yakiingia litavimba na kujipasulia upande mwingine. Sisi tukilazimika kutumia gogo tunalichana mgongoni kwa msumeno mpaka kwenye moyo likiwa bado bichi, ili lipasuke tunapotaka sisi.

Unga mbao. Vipande vinane vya inchi mbili kwa nne, kingo zote uzilaze nyuzi 22 na nusu, zitakutana kama pipa. Unapata inchi tisa na nusu hivi, ukizungusha randa inabaki tisa. Katikati patakuwa na uwazi wa inchi tano na kitu, kwa hiyo pale mikono na mguu vitakapopita jaza kwanza mbao zilizogundishwa, la sivyo matundu yatakuwa hayana cha kushikilia. Jiriwa za nini? Kata tyubu ya baiskeli, zungusha huku unavuta kwa nguvu, kila shibiri mzunguko mmoja, acha ilale hadi kesho.

Dada wa Kigamboni:

Naongezea kidogo kwa fundi. Kiwiliwili hata paini ya Mafinga inatosha. Pesa peleka kwenye mikono na mguu, ndivyo unavyogonga. Mikono yangu ni mninga, nimekerezewa, minene shinani na myembamba nchani. Msasa namba 240, kisha mafuta ya kitani. Vanishi ya kung'aa usipake, ukitoka jasho ngozi inanata.

Swali lako la mikono: ulimi, yaani ile shina inayoingia tunduni, haukai katikati ya mkono. Mmoja unachongwa nusu ya juu, mwingine nusu ya chini. Nje mikono inaonekana usawa mmoja, ndani huu unapita juu ya mwenzake. Na uache ucheze kidogo tunduni. Ule mlio wa ko-ko ndio unaokwambia umegonga sawa au umesukuma tu.

Kupanga hata Ip Man, yule mwalimu mkubwa wa wing chun, alipanga. Kule Foshan, China, mtu wa mbao alichimbiwa ardhini. Alipohamia Hong Kong mwaka 1949, kwenye vyumba vya ghorofani, ndipo akawa wa kuning'inia kwenye fremu kwa papi mbili zinazopita mwilini, ukimsukuma anarudi. Mimi papi zangu ni mtiki wa Muheza. Chini ya fremu weka vipande vya kandambili, jirani atalala.

Mpangaji wa Tandika:

Fundi shikamoo, dada asante sana. Jana nimepita Buguruni. Bei ya mninga nimeisikia nikaomba maji ya kunywa. Nimebeba paini vipande vinane, na mninga kimoja tu cha mikono, mguu utasubiri mwisho wa mwezi.

Gogo nimelikata mawili. Mama mwenye nyumba kachukua kipande cha chini, anakalia akikaanga mihogo. Kile chenye matundu amekikataa.