Kuzingira mji kwa sheria ya Kiyahudi: upande wa nne ni amri au ujanja wa vita?

Mchokonozi: Wakuu, salaam. Rambam (Maimonides, karne ya 12), kwenye Sheria za Wafalme sura ya 6, anasema mji ukizingirwa usizungukwe pande zote nne. Zifungwe tatu, moja ibaki wazi ili anayetaka kuokoa roho yake akimbie. Chanzo ni Hesabu 31:7, vita dhidi ya Wamidiani. Mwaka 1982 jeshi la Israeli lilipoizingira Beirut, mji mkuu wa Lebanoni, marabi wawili wakubwa wa Israeli, Goren na Yisraeli, walivutana kwa kalamu juu ya sheria hii. Ni amri ya dini au ni akili ya jemadari tu?

Kipanga: Akili ya jemadari. Paka ukimfungia chumbani bila dirisha atakurukia usoni. Ramban naye kaitaja sababu hiyo (Ramban, yaani Nachmanides wa karne ya 13, si Rambam, msije mkawachanganya, ni watu wawili).

Nukta_na_Mkato: Umenukuu nusu, mkuu. Ramban katoa sababu mbili, na ya kwanza ni kujizoeza huruma hata kwa adui. Tena ndiye aliyeihesabu kuwa amri ya vizazi vyote, akaiongeza kwenye hesabu ya amri 613 za Torati baada ya kuona Rambam hakuiorodhesha. Ila kaifunga kwenye vita vya hiari, vile ambavyo mfalme haendi bila idhini ya baraza la watu 71. Vita vya faradhi hakuvitaja hapo.

Mzalendo_Halisi: Huruma gani? Si ndio hawahawa wa jicho kwa jicho? Dini isiyojua kusamehe mnaitafutia huruma kwa tochi.

Nukta_na_Mkato: Haya, limeshaingia. Fungua Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, kitabu cha Bava Kama sura ya 8. Aliyemjeruhi mwenzake anadaiwa mafungu matano: kiungo kilichoharibika, maumivu, matibabu, siku za kukaa bila kazi, na aibu. Jicho linalipwa, haling'olewi.

Mzalendo_Halisi: Porojo za mawakili. Andiko limesema jicho. Jicho lina bei gani sokoni?

Nukta_na_Mkato: Sokoni hasa, umepatia bila kujua. Majeruhi anakadiriwa kama mtumwa anayeuzwa: kabla ya kuumia angeuzwa kwa kiasi gani, na sasa je? Tofauti ndiyo fungu la kwanza. Matibabu nayo yana mipaka yake. Vidonda vilivyotokana na pigo lile vinalipiwa, vikipona vikarudi vinalipiwa tena, lakini akishapona kabisa deni limekwisha. Kwa siku za kukaa bila kazi anapewa ujira wa mlinzi wa shamba la matango.

Mama_Ubao: Matango?! Seremala kakatwa mkono, mnampa ujira wa kufukuza ndege? Hiyo ni dhuluma iliyovaa kanzu.

Kipanga: Si dhuluma, dada. Mkono wake umeshalipwa kwenye fungu la kwanza. Ukimpa na ujira wa useremala, umeulipa mkono huohuo mara mbili. Kipimo ni kazi ambayo mtu wa hali yake ya sasa angeiweza. Aliyevunjwa mguu wanamkadiria kama bawabu, aliyepofushwa kama msaga nafaka.

Mama_Ubao: Bado seremala kaonewa.

Mzalendo_Halisi: Na kulipa si kubadilika. Mtu anatoa hela, anatoka anacheka.

Nukta_na_Mkato: Hapo umechapia. Sura hiyohiyo inasema hata akilipa yote hasamehewi mpaka amwombe radhi aliyemuumiza. Siku ya Upatanisho, yaani Yom Kippur, haifuti kosa la mtu kwa mtu mpaka mwenyewe aridhishwe. Rambam kapanga hadi hatua: akikataliwa, aje na rafiki watatu wamwombee. Akikataliwa tena, aje mara ya pili na ya tatu. Baada ya hapo aende zake, na aliyekataa ndiye mwenye dhambi. Aliyekosewa akiwa marehemu, mkosaji anasimamisha watu kumi kaburini na kukiri mbele yao.

Mama_Ubao: Na mtaa mzima ukiangushwa kwa bomu, hao kumi wasimame kaburi lipi?

Mchokonozi: Dada, umenirudisha kwenye swali langu. Goren, Rabi Mkuu wa wakati ule na aliyewahi kuwa mkuu wa marabi wa jeshi, alisema Beirut iachiwe njia. Yisraeli akapinga: shabaha ikiwa kuvunja nguvu ya adui, utamfunguliaje mlango aondoke akajipange upya?

Kipanga: Mimi niko na Yisraeli. Halafu msisahau sura hiyohiyo ya 6 ya Sheria za Wafalme inakataza kuwakatia maji waliozingirwa.

Nukta_na_Mkato: Soma vizuri, Kipanga. Mfereji unaokatazwa kufungwa ni wa miti ya matunda iliyo nje ya mji, isije ikakauka. Inatoka Kumbukumbu la Torati 20:19, na anayeikata kwa uharibifu anachapwa viboko.

Mama_Ubao: Yaani mzeituni una haki ya maji kuliko mtoto?

Kipanga: Ndiyo maana kuna hoja ya sembuse: mti haunyimwi maji, sembuse mtoto!

Nukta_na_Mkato: Sembuse nzuri, lakini marabi hawamchapi mtu kwa sembuse. Kiboko kinataka andiko.

Mama_Ubao: Basi hamjanijibu.

Mchokonozi: Na Beirut yenyewe, wapiganaji wa PLO (chama cha ukombozi wa Palestina) walianza kuondoka kwa meli tarehe 21 Agosti. Upande wa nne ukawa bahari.

Kipanga: Kwa makubaliano ya wanasiasa, mkuu. Hakuna aliyemfungua Ramban pale bandarini.

Mzalendo_Halisi: Ngoja kwanza. Aliyepigwa akawa kiziwi anakadiriwa kama mlinzi wa nini?

Nukta_na_Mkato: Hakadiriwi. Analipwa thamani yake yote.

Mzalendo_Halisi: Yote? Kipofu anasaga nafaka, kiziwi anachukua yote? Fafanua.