Makabati ya jiko: kampuni ya Dar au fundi wa hapa hapa Mtwara? Ushauri kabla sijatoa advansi

Binti_Mikindani
Habari za jioni wakuu. Namalizia nyumba ya mama huku Mikindani, hela ya korosho nataka iishie jikoni na bafuni kabla haijaanza kuliwa na ada na misiba. Kuna kampuni ya Dar wanatengeneza makabati, wanakuja kupima, wanakata kwao kwa mashine, wanaleta vipande wanafunga siku mbili. Picha zao jamani utadhani jiko la kwenye tamthilia. Wamenipigia milioni 4 na laki 6, jiko na kabati la sinki la bafuni, wanataka asilimia 70 kwanza. Upande wa pili kuna fundi wa Ligula anataka kunitengenezea kwa mninga, bei karibu ile ile ila anasema miezi miwili, na miezi ya fundi mnaijua wenyewe.

Kinachonitisha, nilipopanga Shangani kulikuwa na kabati jeupe zuri chini ya sinki, koki ikavuja wiki moja tu, sakafu ya kabati ikavimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai, ukigusa inamomonyoka. Mwenye nyumba akanikata hela hapo hapo. Nawasilisha.

Kuchele_Daima
Mpe fundi wa Ligula hela ibaki Mtwara, Dar wameshakula vya kutosha 😂

Mshika_Randa
Dada hilo la Shangani lilikuwa chipbodi, yaani chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi, juu wakavisha ngozi ya melamini. Ngozi haina shida, maji yanaingilia kwenye kingo zilizokatwa na pale walipotoboa tundu la bomba. Mimi kazi yangu ni hii, kila mteja anauliza rangi ya mlango, hamna anayeuliza boksi ni la nini. Wewe uliza boksi. Mlango wa MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, sawa, lakini boksi la chini ya sinki na lote la bafuni sema unataka marine, yaani plaiwudi ya kuhimili maji, ya milimita 18, na matundu ya bomba wayapake silikoni. Waombe kipande cha ubao wao ukiloweke kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi utajionea. Halafu makabati ya chini yakae kwenye miguu ya plastiki, maana kudeki kwa kumwaga ndoo nzima hamtaacha leo wala kesho.

Babu_wa_Masasi
Na mninga usiuamini kwa jina. Fundi wangu alinunua mbao mbichi, mwezi wa tatu milango imepinda, droo haifungi mpaka mke wangu aipige kiuno. Nenda karakana kwake ukaone mbao zimekaa kivulini tangu lini.

Mtu_wa_Lindi
70 asilimia ni nyingi mno mdogo wangu, mpe nusu, iliyobaki mzigo ukifika na nyingine wakishafunga. Na mkataba useme pembe ikivunjika njiani nani analipa, Dar mpaka huko ni zaidi ya kilomita 500. Mei 2024 mvua zilipokata barabara kule Somanga mzigo wangu ulikwama, na kampuni ikaniambia hiyo ni kazi ya Mungu. Lingine bawaba, huku kwetu upepo wa chumvi, za bei rahisi zinashika kutu milango inaanza kulia kama mbuzi.

Kuchele_Daima
Babu hiyo droo ya kiuno nimecheka mpaka basi

Binti_Mikindani
Asanteni sana wakuu. Nimempigia yule kaka wa kampuni nikamuuliza boksi ni la nini, akanyamaza kidogo, akasema "dada ni chipbodi lakini ya kisasa". Nikamwambia nataka marine sehemu za maji na nusu advansi, kasema ataongea na bosi, mpaka sasa kimya. Kesho asubuhi naenda Ligula na mama, yeye ndo anajua kunusa mbao mbichi.