Mrejesho: shindano la hadithi fupi, vijana na watu wazima

Wakuu, niliuliza kama vijana wa miaka 13 hadi 17 washindanishwe na watu wazima. Wengi mlisema tutenganishe, tukatenganisha: ukomo wa maneno 1,500 kwa wakubwa na 1,000 kwa vijana, umri ukihesabiwa siku ya mwisho ya kupokea kazi.

Uliotusaidia kuliko yote ni ule ushauri wa kuficha majina. Katibu alizipa hadithi namba na orodha akabaki nayo yeye peke yake. Jaji mmoja kumbe alimpa mpwa wake alama za chini kabisa. Matokeo yaliposomwa akacheka mwenyewe. Pale alama za majaji zilipopishana sana, waliisoma hadithi upya kwa sauti, na mazungumzo ya wahusika yaliyolazimishwa yakajianika yenyewe.

Hakimiliki imebaki kwa waandishi. Sisi tumeomba ruhusa ya kuchapisha mara moja tu, na kwa vijana alisaini mzazi au mlezi.

Yule aliyetabiri vijana watawafunika wakubwa, chukua haki yako: waliwafunika kweli, hasa kwenye miisho ya hadithi. Sasa tunabishana kama mshindi aruhusiwe kushiriki tena mwakani. Mwenye uzoefu wa hilo atuambie.