Ushauri: Binti kapangiwa kupinga gesi kwenye mdahalo, aanzie wapi?

Mzee_wa_Mbuyuni
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine salaam. Niko Moshi. Binti yangu wa kidato cha tatu ana mdahalo Ijumaa: umeme wa gesi asilia unaharibu hali ya hewa kidogo kuliko wa makaa ya mawe. Yeye kapangiwa kupinga. Nikamwambia aseme vyote ni moshi tu, kanicheka. Nisaidieni.

Fundi_Kiusa
Mangi, ana haki ya kucheka. Hewa ya ukaa, ndiyo inayoharibu hali ya hewa, haionekani, hata kama mji wetu unaitwa Moshi. Umeme wa makaa unatoa karibu kilo moja ya hewa hiyo kwa yuniti moja, yuniti hizi hizi za LUKU. Mtambo wa gesi kama Kinyerezi II, ambao joto la turbaini linachemshia maji mvuke uzalishe umeme tena, ni gramu 400 hivi. Joto lile likitupwa hewani, inapita 500. Makaa ni kaboni tupu kwa sehemu kubwa, wakati methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ina hidrojeni nyingi, na hiyo ikiungua inakuwa maji. Hapo asibishe kabisa, ataaibika.

Mama_Kahawa
Abishe kabla gesi haijafika mtamboni. Methani ikivuja bila kuungua, kilo yake moja inanasa joto zaidi ya mara 80 ya kilo ya hewa ya ukaa, ukihesabu kwa miaka 20. Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar lina karibu kilomita 500. Sisemi linavuja! Aulize tu: zile gramu 400 zimepimwa wapi, kwenye dohani au kuanzia kisimani?

Dogo_Soweto
Watamrudishia. Migodi ya makaa nayo inatoa methani.

Mama_Kahawa
Kweli, mdogo wangu. Basi ajiandae na hilo, na miaka 20 aitaje mwenyewe. Kwa miaka 100 ile 80 inashuka hadi 30 hivi, wasije wakamvizia nayo.

Fundi_Kiusa
Na asikimbilie umeme wa maji wa bwawa la Nyumba ya Mungu, mwenyekiti atamkata. Mada ni gesi na makaa.

Mzee_wa_Mbuyuni
Ahsanteni sana. Kaandika yote, ataanza na swali la kisimani. Sasa mama yake kasikia habari za kuvuja, kagoma kuwasha jiko la gesi.

Fundi_Kiusa
Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na mtungi. Likitoa mapovu, funga mtungi uniite.