Dola 2,800: programu ya utafiti au SAT na ada za maombi? Naomba ushauri

BabaWaWatatu
Salaam wakuu. Binti yangu yuko kidato cha tano, anataka kuomba vyuo vya nje. Amepata mtandaoni programu ya utafiti ya wiki 10: unapangiwa msimamizi aliyeko Marekani, unaandika, mwishoni andiko linatoka kwenye jarida. Bei dola 2,800. Mjomba wake anasema hela hiyo iende kwenye SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, na ada za maombi. Wanataka malipo ya kwanza Ijumaa. Kipi kina uzito zaidi?

Kwa_Mtogole
Mzee wangu, umetaja bei ukaacha yote yanayohitajika. Nchi gani? Kombi gani? Ada ya chuo utalipa wewe au mnatafuta ufadhili? Bila hayo tutakupoteza njia.

MwlPhysics
Naongezea: ameshafanya mradi wowote, au huu ndio wa kwanza? Kama ni Uingereza msihangaike. UCAS, wanaopokea maombi ya vyuo vya huko, wanataka alama na sababu za kuipenda kozi. Kuanzia wanaoingia 2026, lile andiko la kujieleza limegawanywa maswali matatu, na hata kitabu alichokisoma kwa makini kinaweza kubeba jibu. Ujerumani wanaangalia cheti.

BabaWaWatatu
Samahani, nilikuwa barabarani. Anasoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia), tunaishi Usa River. Marekani kwanza. Ada siwezi, lazima apate ufadhili wote. Hiyo 2,800 ni hela ya shamba nililouza. Mradi hana, labda ule wa darasani wa kidato cha tatu.

Msimbazi_Dada
Kaka, hela ya shamba usiitoe kabla hujanisoma.

2022 tulichanga ukoo mzima kumlipia mdogo wangu programu ya aina hiyo hiyo. Mada alipangiwa: kutabiri kiharusi kwa kompyuta, data imepakuliwa mtandaoni, ya wagonjwa asiowajua wa nchi asiyoijua. Vikao saa tano usiku kwa saa zetu. Msimamizi alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, kijana mwenye adabu ila amechoka, ana vijana wengine sita siku hiyo hiyo. Sehemu ya hesabu aliiandika yeye mwenyewe ili kuwahi muda. Wiki ya nane ikaja barua pepe: jarida linataka dola 200 nyingine. Tukachanga tena. Andiko likatoka, tukalichapa kwa rangi, mama akalitia fremu na kulitundika sebuleni.

Ukaja usaili wa chuo, kwa video. Mama mmoja mpole akamuuliza: wagonjwa ambao uzito wao haukuandikwa mliwafanyaje? Mdogo wangu hakujua kama walikuwepo. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango. Nikasikia kimya kirefu, kisha "samahani". Hakuchaguliwa. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu hiyo. Ila miezi mingi hakutaka hata kuigusa kompyuta, na mama aliishusha ile fremu bila kuambiwa na mtu.

Njombe_Baridi
Pole sana dada. Lakini tusifike mahali pa kusema utafiti hauna maana. Kesi ya udahili ya chuo cha Harvard iliyosikilizwa Boston 2018 ilianika miongozo yao ya kusoma maombi. Daraja la juu kabisa la taaluma, lile la 1, linataja uwezekano wa kazi ya kitaaluma ya mwombaji mwenyewe, pengine ithibitishwe na wahadhiri wao. MIT wana sehemu ya kupakia utafiti, Yale pia kwa wa sayansi. Wasingeiweka kama hawaisomi. Mimi ningelipa.

Msimbazi_Dada
"Ithibitishwe na wahadhiri wao", umeandika mwenyewe. Si na jarida linalopokea hela ya mtoto. ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi cha Marekani, waliandika 2023 kuhusu biashara hii ya kuwauzia wanafunzi wa sekondari uandishi wa kitaaluma. Maofisa udahili wanasoma habari kama sisi.

Kwa_Mtogole
Twende kwenye hesabu. Common App, fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vya Marekani, inakupa nafasi ya shughuli 10, maelezo ya kila moja herufi 150 tu. Shamba zima linakwenda kukaa ndani ya herufi 150. Kwa anayehitaji ufadhili wote, swali kubwa ni orodha ya vyuo. Vichache havimhesabii mgeni hitaji lake la fedha wakati wa kumchagua, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin. Kwingi kwingine ukiomba msaada jambo hilo linapimwa. Mwende EducationUSA, ofisi ya ushauri wa masomo ya Marekani, pale ubalozini Dar, ushauri wao ni bure, na muwaulize kama kuna mfuko wa kuwalipia gharama za maombi wanafunzi wenye uwezo wasio na hela.

Tengeru_Juu
Baba wa watatu, sisi ni majirani. Mtoto anakaa juu ya utafiti halafu anakwenda kuununua! Maji yetu ya mlima Meru yana floraidi, madini yanayotia meno madoa yakizidi; meno ya watoto wetu yanasema. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, sisi kwa miaka mingi tuliruhusiwa hadi 4. Kituo cha Ngurdoto kinachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Kijana wa dada yangu alijaribu nyumbani. Alichoma mifupa kwenye pipa, moto wa kwanza haukukolea, maji yakatoka ya njano yananuka supu. Akaandika kwenye kaunta buku: moto mdogo, mafuta yamebaki. Akarudia mara nne. Hakuna jarida lililochapa. Mwalimu wake wa kemia aliyekesha naye kwenye lile pipa ndiye aliyemwandikia barua ya mapendekezo. Leo yuko mwaka wa pili chuo kidogo Marekani, wanamlipia. Gharama ilikuwa ndoo mbili, mifupa ya buchani, na kupima sampuli maabara ya maji.

Eldoret_Mama
Huku Kenya wetu hupitia KSEF, maonyesho ya sayansi ya shule. Nyinyi si mna Young Scientists Tanzania? Jaji anasimama mbele ya mtoto na kumuuliza uso kwa uso. Hayo ndiyo mazoezi ya usaili.

MwlPhysics
Tahadhari: asianze kuhesabu meno ya watoto wa jirani. Utafiti kwa binadamu unahitaji kibali cha maadili, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wanahusika. Abaki kwenye maji.

Njombe_Baridi
Mwalimu, hata kuangalia meno tu? Kibali hicho mwanafunzi wa sekondari atakipata lini?

MwlPhysics
Ndiyo maana nasema abaki kwenye maji.

BabaWaWatatu
Nimemsomea binti yote haya. Ya fremu yalimkaa. Ijumaa silipi, nimewaandikia wanipe wiki mbili. Bado anaitaka ile programu, ila jioni hii ameniuliza bucha gani wanatoa mifupa bure. Na SAT nasikia ni ya kompyuta, kishikwambi chake kitafaa?

Kwa_Mtogole
Ni ya kidijitali, kwa walio nje ya Marekani tangu 2023. Laptopu au iPad. Cha Android hakikubali, mtafutie laptopu ya kuazima mapema.