Kechapu na tomato sosi ni kitu moja ama?

njaa_ya_jioni: Wadau niko na swali. Huku mtaani ukinunua chips ama smoki unaambia jamaa "weka tomato" na mambo yanaisha, lakini kwa supamaketi unapata chupa mbili zimekaa pamoja, moja tomato sosi ingine kechapu, na bei haifanani. Tofauti ni gani? Na hilo jina kechapu limetoka wapi, mbona halikai Kizungu.

mama_chips_githurai: Mimi nauza chips na bhajia kwa hivyo hizi zote nazishika kila siku. Kechapu ni nzito, iko na nyanya mingi, siki na sukari, ukiimwaga inakaa juu ya chips. Ile sosi ya mtungi tunanunua sisi ni nyepesi, mara mingi imeongezwa wanga ndio ishikane. Geuza chupa usome nyuma, vitu hupangwa kuanzia kile kiko kingi, ukiona maji imetangulia nyanya basi umeshajua unalipia nini. Na wauzaji wenzangu nawaomba tuache kuongeza maji kwa mtungi jamani, siki na chumvi ndio inaihifadhi, ukiipunguza nguvu inachacha na jua la mchana halafu ni watoto wa watu wanaumwa tumbo.

fundi_wa_maneno: Uko sawa, asili yake si Kizungu. Maelezo yenye yanakubalika sana ni kwamba imetoka kusini mwa China, kwa wasemaji wa Kihokkien, kê-tsiap, na hiyo ilikuwa mchuzi wa samaki waliochachushwa na chumvi, nyanya hakuna. Ikasambaa na wafanyabiashara, hadi leo Indonesia wanaita sosi ya soya kecap. Waingereza waliionja huko Asia wakataka kuipika kwao, wakatumia uyoga, chaza, chochote kiko karibu. Nyanya iliingizwa kwa kechapu huko Marekani, James Mease wa Philadelphia alichapisha maelezo ya kuipika 1812, halafu Heinz, mwenye kampuni ya vyakula huko huko Marekani, akaanza kuuza yake 1876. Zamani hizo viwanda vingi vilikuwa vinaweka benzoeti ya sodiamu ndio isioze, watu wakaanza kulalamika, Heinz akaiacha akatumia nyanya zimeiva kabisa na siki na sukari zaidi, na ndio maana ya leo ni nzito na tamu hivyo.

njaa_ya_jioni: Asanteni sana. Lakini ya uyoga aki?? Hiyo ilikuwa inapikwaje?

fundi_wa_maneno: Uyoga unakatwakatwa unamwagiwa chumvi, unalala hivyo mpaka utoe maji, unakamua, hayo maji unachemsha na pilipili manga na karafuu. Inatoka nyeusi na nyepesi, si ya chips, ni ya kutia ladha kwa nyama na mchuzi. Bado inauzwa Uingereza.

mama_chips_githurai: Uyoga naweza pata. Nitajaribu na nyama ya Jumapili, kwa chips hapana.